Tumbili wa Gitaru na mitambo inayojisahihisha

Mnamo Jumanne, Juni 7, 2016, saa tano na dakika 29 asubuhi, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, katika Mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma hiyo ikazimika. Mashine nyingine za kituo hicho zikaelemewa na mzigo, nazo zikazimika. Zaidi ya megawati 180 zikatoweka ghafla, na punde si punde Kenya nzima ikawa haina umeme. Muda wa zaidi ya saa tatu ulipita kabla ya taa kurejea. Tumbili mwenyewe alinusurika, akakabidhiwa maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Wakenya walicheka sana siku hiyo, na mwandishi wa safu hii hakuachwa nyuma. Magazeti ya ng'ambo nayo yalipata kichekesho cha kuwauzia wasomaji wao. Hata hivyo, kicheko kilipokwisha nilijikuta nikiliwazia jambo hili kwa upande wake wa pili. Iwapo mnyama mdogo kiasi kile aweza kuizima nchi, ni nini basi kinachoizuia nchi kuzimika kila siku? Maana kila dakika ipitayo, mamia ya watu huwasha pasi, viwanda huanzisha mashine zao, na wengine huzima taa wakalala. Mzigo hupanda na kushuka pasi na taarifa, wala hakuna afisa aketiye Gitaru, Kiambere au Turkwel akizihesabu pasi zetu.

Kazi hiyo hufanywa na kidhibiti kinachotumia mrejesho. Neno kidhibiti si geni kwa msomaji. Tangu Februari 2004, zilipoanza kutekelezwa zile kanuni za barabarani zilizobandikwa jina la waziri John Michuki, kila abiria wa matatu amejua kwamba gari linapaswa kuwa na kidhibiti mwendo kinacholizuia kupita kilomita 80 kwa saa. Jinsi baadhi ya madereva walivyokifanyia hila ni hadithi ya siku nyingine. Linalonishughulisha leo ni jinsi kifaa cha aina hiyo kinavyofikiri, ikiwa neno kufikiri laruhusiwa kutumiwa kwa chuma, na jinsi tunavyowafunza vijana wetu kukielewa.

Tuanze na tangi la maji lililo juu ya nyumba. Ndani yake mna boya lililofungwa kwenye mkono wa chuma, na mkono huo umeshikamana na mfereji uletao maji. Maji yakipungua, boya hushuka na mfereji hufunguka. Maji yakijaa, boya huinuka na mfereji hufunga. Hakuna aliyeliambia boya ni watu wangapi wameoga asubuhi hiyo, wala halina haja ya kujua. Lajua jambo moja tu, nalo ni umbali uliopo kati ya pale maji yalipo na pale yanapotakiwa kuwa.

Umbali huo ndio uti wa mgongo wa somo hili zima, na mimi huuita hitilafu. Kuna lengo, yaani kiwango tunachokitaka. Kuna kipimo, yaani hali ilivyo kwa hakika. Tofauti ya viwili hivyo ni hitilafu, na hitilafu huzaa tendo. Tendo hubadilisha hali, hali mpya hupimwa tena, na habari zake hurudi pale pale zilikoanzia. Kurudi huko ndiko kunakoitwa mrejesho. Ujuzi huu si wa jana wala juzi. Ktesibios, fundi aliyeishi mjini Alexandria, Misri, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, alitumia boya kuifanya saa yake ya maji itiririke kwa mwendo usiobadilika.

Walioupeleka viwandani kwa kishindo ni Waingereza. Mwaka 1788 James Watt aliifunga kwenye injini yake ya mvuke mipira miwili ya chuma iliyozunguka pamoja na injini hiyo. Injini ilipokwenda kasi, mipira ilitanuka nje na kuinuka, ikavuta wenzo uliopunguza mvuke. Ilipolegea, mipira ilishuka na mvuke ukaongezwa. Hata Watt hakuanza na ukurasa mtupu, kwani wasagaji wa nafaka walikuwa tayari wakitumia mipira kama hiyo katika vinu vyao vya upepo. Kifaa hicho kikaitwa gavana. Msomaji asikichanganye na magavana wa kaunti tuliowapata mwaka 2013, ingawa huenda lingekuwa jambo jema kama na hao wangepunguza mvuke kila gharama zipandapo.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza, na hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea njia. Magavana wa chuma walipoenea, mafundi waliona kioja. Injini nyingine, badala ya kutulia, ilikwenda mbio kupita kiasi, ikalegea kupita kiasi, ikaenda mbio tena, bila kukoma. Kifaa kilichowekwa ili kuituliza ndicho kilichokuwa kikiitikisa. Mwaka 1868 mwanafizikia Mskoti, James Clerk Maxwell, aliandika makala fupi kuhusu magavana, akaonyesha kwa hesabu ni wakati gani mtikisiko hufifia na ni wakati gani hukua hadi ukaharibu mashine. Makala hayo ndiyo ambayo wasomi wengi huyahesabu kuwa mwanzo wa taaluma hii.

Nami sikuyaelewa maneno ya Maxwell hadi nilipoaibika mbele ya watu.

Ilikuwa katika miaka ya themanini, nami nikiwa kijana wa mafunzo katika kiwanda kimoja cha maziwa ambacho jina lake silitaji. Ili maziwa yawe salama kwa mnywaji, sharti yafikishwe digrii 72 na yakae katika joto hilo kwa sekunde 15. Yakipungukiwa na kiwango hicho, valvu ya usalama huyarudisha nyuma yakapashwe upya. Joto lilitokana na maji moto, maji hayo yakipashwa kwa mvuke kutoka kwenye boila, na valvu ya mvuke ikiendeshwa na kidhibiti kilichokuwa na kalamu. Kalamu hiyo iliandika joto juu ya karatasi ya duara iliyozunguka polepole mchana kutwa.

Tuseme lengo lilikuwa digrii 75. Tuseme pia kidhibiti kilipangwa hivi: joto likifika 75 valvu hujifunga kabisa, na kwa kila digrii inayopungua hufunguka sehemu moja kwa kumi. Sasa, mpenzi msomaji, piga hesabu. Ikiwa mvuke unaohitajika kuyaweka maziwa katika joto lake ni wa valvu iliyofunguka takriban nusu, basi ili ipate kufunguka nusu ni lazima joto liwe limepungua kwa digrii tano. Maziwa yatatulia kwenye 70, na valvu ya usalama itayarudisha nyuma. Kidhibiti kinatenda kazi yake barabara, lakini lengo halifikiwi abadan, kwa kuwa kinahitaji hitilafu ili kipate kutenda.

Nilikuta kalamu imetulia chini ya alama ya 72, na maziwa yanarudi. Nikaona dawa yake ni nyepesi: kikaze zaidi. Kama digrii moja itafungua sehemu mbili kwa kumi, pengo litakuwa digrii mbili na nusu tu, na maziwa yatapita kwenye 72 na nusu. Nikazungusha kitufe. Kalamu ikapanda. Nikafurahi, nikazungusha tena ili lile pengo dogo lililobaki nalo lifutike.

Kalamu ikapita lengo. Ikashuka chini ya lengo. Ikapanda juu zaidi ya mara ya kwanza. Katika muda mfupi ile karatasi ya duara ilijaa meno kama ya msumeno, maziwa yakawa yanapita, yanarudi, yanapita, yanarudi. Nami, kwa ujana, kila nilipoona kalamu ikishuka nilizidi kukaza. Tangi la mapokezi likajaa pomoni. Nje ya lango wakulima walikuwa wamepanga foleni na mikebe yao, jua likiwachoma wao na maziwa yao, na kila mmoja akijua kwamba maziwa yakichacha hasara ni yake, si ya kiwanda.

Ndipo alipokuja fundi mkuu, mtu mzima aliyekuwa na shahada ya uzoefu peke yake. Hakunipigia kelele.

"Ondoa mkono, kijana," akasema.

Akakitenga kidhibiti, akaifungua valvu kwa mkono hadi nusu, akaiacha pale. Kalamu ikayumba mara mbili tatu, ikatulia. Kisha akaniuliza, "Tangu valvu ifunguke hadi kalamu ipate habari, huwa ni muda gani?"

"Sijui, Mzee."

"Basi ulikuwa ukiendesha kitu usichokijua. Hesabu."

Akaisukuma valvu kidogo, nami nikahesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipofika 20 kalamu ikatingishika.

Sekunde 20! Mvuke ulipaswa kuyapasha maji, maji yapite kwenye sahani za chuma, sahani ziyapashe maziwa, na maziwa yafike kwenye kipimajoto. Kila nilipokuwa nikiitazama kalamu nilikuwa nikisoma habari kuukuu. Niliongeza mvuke kwa sababu ya ubaridi ambao tayari ulikuwa umekwisha kutibiwa, nikapunguza kwa sababu ya joto lililokuwa limekwisha kupita. Ukawivu huo, pamoja na ukali wa mkono wangu, ndio uliozaa yale meno ya msumeno. Kidhibiti kikali chafaa palipo na habari za papo hapo. Palipo na ukawivu, ukali ule ule huangamiza.

Mzee yule akarudisha kitufe mahali pa upole, kisha akanionyesha vitufe viwili vingine ambavyo sikuwa nimethubutu kuvigusa.

Cha kwanza hukusanya. Hitilafu ikidumu, hata ikiwa ndogo kama punje, kila sekunde huongezwa juu ya zile zilizotangulia, na mkusanyiko huo huisukuma valvu taratibu hadi hitilafu iishe kabisa. Hivi ndivyo lile pengo la digrii tano linavyozibwa bila kutumia ukali. Lakini kina hatari yake. Mvuke ukikosekana kwenye boila, valvu itafunguka hadi mwisho na bado hitilafu itabaki, nacho kitaendelea kukusanya kama mtu anayeweka kinyongo. Mvuke ukirejea, kinyongo chote humwagika kwa wakati mmoja na maziwa huungua. Mafundi wanaojua kazi yao hukiwekea kikomo.

Cha pili hutazama mwendo. Hakiulizi joto ni kiasi gani, huuliza lapanda au lashuka kwa kasi gani, na kikiona lapanda mbio huanza kuzuia hata kabla ya lengo kufikiwa. Ni chombo cha thamani, ila hakiaminiki pale kipimajoto kinapotetemeka ovyo, kwani hudhani kila mtetemo ni mwanzo wa safari.

Mambo haya matatu, yaani kutenda kwa kadiri ya hitilafu ya sasa, kukusanya hitilafu zilizopita na kutazamia zijazo, yaliandikwa kwa utaratibu wa kihesabu mwaka 1922 na Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyekuwa akilishughulikia suala la usukani wa meli za kivita za Marekani. Yeye aliwatazama washika usukani. Aliona kwamba mshika usukani hodari hatazami tu meli imepotoka kiasi gani. Hutazama pia inageuka kwa kasi gani, na huushikilia usukani upande mmoja iwapo upepo au mkondo unaisukuma meli bila kukoma. Nahodha yeyote wa jahazi kutoka Lamu angemwambia hayo bila hesabu, ingawa bila hesabu Minorsky asingeweza kumfunza mtambo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1942, Wamarekani wawili, Ziegler na Nichols, walitoa kanuni ya kazi inayofaa hata kwa fundi asiye na kalamu: kaza kidhibiti taratibu hadi mtambo uanze kuyumba kwa mwendo ulio sawasawa, pima wimbi moja lachukua muda gani, kisha rudisha ukali hadi takriban nusu. Vitufe viwili vilivyosalia hupangwa kwa kufuata muda wa wimbi lile.

Sasa twaweza kurudi Gitaru tukiwa na macho mapya. Umeme wetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, na mashine zote kubwa zinazouzalisha kwa kuzungushwa na maji au mvuke huzunguka kwa mwendo uliofungamana. Mzigo ukizidi uzalishaji, nguvu inayopungua huchotwa kutoka kwenye ule mzunguko wenyewe, na mashine zote hulegea pamoja. Kulegea huko ndiko kipimo. Lengo ni 50. Kila mtambo una gavana wake, mjukuu wa ile mipira ya Watt, anayeona hitilafu na kuongeza maji au mvuke. Ndiyo maana hakuna haja ya mtu wa kuhesabu pasi.

Lakini maji ni mazito. Katika bomba kubwa literemkalo kutoka bwawani, maji hayakubali kuongeza mwendo mara moja. Lango likifunguliwa ghafla, shinikizo kwenye mtambo hushuka kwanza, na kwa nukta chache nguvu inayotoka hupungua wakati ambapo inahitajika zaidi. Gavana mwenye pupa angeona upungufu huo, akafungua zaidi, akazidisha balaa, kama nilivyofanya mimi kwenye maziwa. Kwa sababu hiyo wahandisi humfanya gavana wa mtambo wa maji kuwa mpole kwa makusudi. Upole huo una bei yake, nayo ni muda.

Kilele cha matumizi ya umeme nchini mwaka ule hakikufika megawati 1,700. Kupoteza 180 ni kupoteza zaidi ya sehemu moja kwa kumi kwa mkupuo. Katika hali kama hiyo mashindano huwa kati ya mwendo unaoporomoka na magavana wanaofungua malango. Ikiwa mashine nyingine hazina akiba, gavana aweza kufungua lango hadi mwisho na asipate kitu. Hapo hubaki kukata baadhi ya mitaa ili iliyosalia iokoke. Hilo lisipotosha, mashine huanza kujikinga kwa kujizima, na kila inayojizima huwatwika wenzake mzigo wake. Mrejesho uliokuwa ukitibu hugeuka kuwa mrejesho unaochochea. Mashine zilizoelemewa Gitaru asubuhi ile zilikuwa mwanzo wa mnyororo wa namna hiyo. Uzio wa kuwazuia tumbili ni jambo jema, lakini haumpi gavana akiba ya maji wala ya mvuke.

Nimesimulia haya kwa kirefu kwa sababu nina lalamiko. Katika chuo nilichosomea, somo hili lilianza kwa herufi ubaoni na likaisha kwa herufi kwenye karatasi ya mtihani. Tulizifumbua hesabu za Maxwell na wenziwe kwa ustadi, tukapata alama zetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kuhesabu sekunde kati ya valvu na kalamu. Nazungumza na vijana wanaohitimu siku hizi, na wengi wananieleza kwamba hali haijabadilika sana. Kidhibiti cha leo ni kisanduku kidogo chenye tarakimu zinazowaka. Hununuliwa kikiwa kimepangwa dukani, hufungwa, na kikiyumba huitwa kibovu.

Sisemi hesabu ziachwe. Bila hesabu tungekuwa bado tunashangaa kwa nini injini zinatikisika. Nasema zije baada ya mkono kuungua. Mwanafunzi aliyekwisha kuona meno ya msumeno yaliyotokana na kosa lake mwenyewe ataitafuta hesabu kwa hamu, kwa kuwa ana swali. Asiyeyaona atazikariri, na siku moja atapelekwa hospitalini kurekebisha kile kisanduku cha joto alimolazwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Kisanduku hicho nacho kina lengo, kipimo na ukawivu, na ndani yake hamna maziwa.

Watakaonijibu watasema vifaa ni ghali. Twakumbuka hoja hiyo tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, wazazi wakachangishwa kujenga karakana ambazo nyingine ziliishia kuwa mabohari ya madawati yaliyovunjika. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeahidi tena kwamba mtoto atajifunza kwa kutenda. Basi na liwe. Birika la umeme, kipimajoto, saa na karatasi ya kuchorea mistari vinatosha kwa kipindi cha kwanza. Mwanafunzi mmoja atazame kipimajoto, mwingine ashike swichi, na kazi yao iwe kuyaweka maji katika digrii 60 kwa robo saa. Kisha mwalimu amwambie anayetazama acheleweshe kila taarifa kwa sekunde 20, na darasa lichore linaloona.

Lugha nayo isisahauliwe. Mafundi wengi wa viwandani hufunzana kazi kwa Kiswahili, huku vitabu vyote vikiwa kwa Kiingereza, na katikati ya lugha hizo mbili maarifa mengi humwagika. Lengo, kipimo, hitilafu, tendo, mrejesho, ukawivu: nimeyatumia maneno hayo tangu mwanzo wa makala haya, na nadhani msomaji hakuhitaji kamusi. Walimu wa vyuo vya ufundi wakiona yapo yafaayo zaidi, wayalete hapa gazetini tuyajadili.